Pazo la vipande 500 au 1000, la kadibodi au la mbao? Ulinganisho kwa nyumba za Mombasa

Wifi yangu anayekaa Bamburi alinipigia simu Jumamosi moja akiwa dukani. Nyuma yake nasikia wanawe wakigombania kitoroli. "Wifi, nimesimama mbele ya mapazo. Kuna la mia tano na kuna la elfu, kuna la kadibodi na kuna la mbao. Nichukue lipi?" Nikamuuliza swali moja tu: "Litalala wapi?" Akacheka. Alidhani namfanyia mzaha.

Pazo ndivyo tuiitavyo kwetu ile picha iliyokatwa vipande vidogovidogo, ukakaa ukaviunga hadi picha irudi. Na pazo ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hashiki jembe. Akishajitandaza mezani haombi chakula wala maji, ila ukimsogeza bila hadhari anabomoka, na wiki ya pili bado yupo palepale. Ndiyo maana nikilinganisha mapazo sianzii picha, japo picha ndiyo inayomvuta mtu kwenye rafu. Naanzia pa kulala, kisha hewa ya nyumba, kwani hewa ya Mombasa ina ugomvi wa kale na karatasi. Picha naifikia mwisho.

Mia tano au elfu

Namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kukadiria. Vipande hukatwa kwa safu, hivyo boksi nyingi za 500 huwa na vipande 27 kwa 19, yaani 513, na nyingi za 1000 huwa 38 kwa 27, yaani 1,026. Sasa tazama. Vipande vya ukingo, vile vyenye upande ulionyooka ambavyo karibu kila mtu huanza navyo, ni 88 kwenye la kwanza na 126 kwenye la pili. Tofauti yake si ya kumtisha mtu. Ndipo unapomwona mwenye pazo la elfu akimaliza ukingo jioni ya kwanza, akapiga picha akarusha kwenye WhatsApp ya familia, kisha kimya. Kazi yenyewe iko ndani: vipande 425 huku, 900 kule.

Na ugumu haupandi kwa kadiri ya vipande. Ukiwa na 500, jozi unazoweza kujaribu kuzikutanisha ni 124,750. Ukiwa na 1000 zinakuwa 499,500. Vipande vimeongezeka mara mbili, majaribio yameongezeka mara nne. Kuchambua kwa rangi kunapunguza mateso, lakini hesabu hiyo huwa nawapa wale wanaoniambia elfu ni mia tano mbili tu.

Halafu kuna vipimo. La 500 likikamilika huwa karibu sentimita 49 kwa 36, kama sinia ndogo ya chai. La 1000 huwa karibu 70 kwa 50. Na hapo bado hujahesabu vipande ambavyo havijaungwa: ukivitandaza vyote bila kupandana vinataka eneo la kama mara 1.7 ya picha yenyewe. Meza za sebuleni za nyumba zetu nyingi ni nyembamba. Yangu ina upana wa sentimita 45. Nililijua hilo nilipounga safu ya mwisho ya pazo langu la kwanza la elfu na safu ikaning'inia hewani kama kibaraza cha ghorofani. Chukua futi ya mshonaji, pima meza kabla hujaenda dukani.

Mie lile la 500 hunichukua jioni tatu au nne, saa mbili hivi kila jioni baada ya isha. La elfu hunila wiki mbili, na hapo nimesaidiwa. Wako wanaoshindana mbio. Mashindano ya dunia yalianza mwaka 2019 mjini Valladolid, Uhispania, na kwenye mchuano wa mtu mmoja mmoja hupewa pazo la 500, mabingwa wakalimaliza chini ya saa moja. Mamangu nilipomwonyesha video akasema, "Hao wanakimbilia wapi?"

Kwa hivyo kama hujawahi, au kama nyumbani uko peke yako, chukua la 500. Utalimaliza kabla hamu haijakwisha. La 1000 linafaa nyumba yenye mikono mingi inayopitapita, na sijaona msimu unaolifaa kuliko Ramadhani. Baina ya tarawehe na daku watu wako macho, wameshiba, hawataki kazi nzito wala hawataki kulala. Mwaka juzi tulilianza la elfu mwezi mosi. Kila aliyeingia alitia vipande viwili vitatu akipita na kikombe chake. Ami yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukiri kwamba anapenda mchezo wowote, alikuwa akija "kuuliza hali" kila usiku na kuondoka saa saba. Ubaya wake ni kwamba Idi haingoji. Sinia za halua na visheti zinataka meza, na tuliliunga anga lote usiku wa kuamkia sikukuu, tukipiga miayo.

Kuna la tatu ambalo watu hulidharau: la vipande 300, au la 500 lenye vipande vikubwa, ambalo picha yake ni pana kama ya elfu lakini kila kipande kinajaza vidole. Kwa mzee ambaye macho yameanza kupungua hili ndilo chaguo langu, wala si la watoto kama boksi linavyoweza kukudanganya. Mamangu hachezi jingine. Watoto wachanga ni habari nyingine: aliye chini ya miaka mitatu asiachwe karibu na vipande vya aina yoyote hapa, vinaingia mdomoni upesi kuliko mdomo wako kusema "acha".

La 2000? Karibu sentimita 98 kwa 75. Huyo si mgeni tena, huyo amehamia.

Kadibodi au mbao

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu ulinganisho wa watu wa Ulaya haufai nyumba ya Mji wa Kale.

Mwanzo wa mchezo huu ulikuwa mbao. Miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury aligandisha ramani juu ya ubao mwembamba akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wa wenye nacho wakajifunzia jiografia. Kadibodi ilikuja kushika soko baadaye sana. Miaka ya 1930, uchumi wa Marekani ulipoporomoka na watu wakakosa kazi, mapazo ya kadibodi yaliyokatwa kwa mashine yaliuzwa kwa bei ambayo hata asiye na mshahara aliimudu. Tofauti ile ya bei haijaondoka. Pazo la mbao la vipande 200 mara nyingi hukugharimu zaidi ya la kadibodi la 1000.

La kadibodi hutengenezwa hivi: picha hugandishwa juu ya karatasi ngumu, kisha ikandamizwa na kinu chenye visu vya chuma vilivyopindwa kwa umbo la vipande. Zuri huwa na unene wa karibu milimita 2, uso wake hauakisi taa, na kipande kikiingia mahali pake hushika, hata unaweza kuinua safu nzima kwa mkono. Baya ni jembamba, uso wake unameremeta kama sakafu iliyopigwa deki, na karatasi ya juu inabanduka pembeni kila ukitoa kipande. Dukani hawakufungulii boksi, hivyo hili utaliona nyumbani. Ukikuta vumbi jingi ndani ya mfuko wake, visu vilikuwa butu.

Sasa hewa. Kadibodi ni nyuzinyuzi, na nyuzi hunywa unyevu. Mombasa hewa ina unyevu mwaka mzima, na masika ya Aprili na Mei, kusi inapoanza kuvuma, hata chumvi kwenye kikombe inageuka uji. Pazo langu la kwanza la elfu, lile lililoning'inia, nililiacha wazi mezani mwezi wa Mei kando ya dirisha linalotazama bahari. Siku ya tano vipande vipya vikawa haviingii kwenye vile vya zamani. Siku ya nane katikati ya picha pakainuka kama hamri linaloumuka kwenye mafuta. Kila kipande kilikuwa kimevimba kidogo sana, pengine unene wa unywele, lakini ukijumlisha vipande 38 kwa upana, picha inatafuta pa kwenda na inakuta juu tu.

Wifi yangu mwingine, wa Nyali, anakaa kwenye nyumba ya kiyoyozi na hajui nisemalo. Kwake kadibodi inakaa kavu na nyoofu. Lakini naye alipotoa ubao wake kibarazani ili wageni waone, saa chache tu picha ikaanza kupinda. Si baridi inayoharibu wala si joto. Ni kutoka hewa moja kwenda nyingine kwa ghafla.

Dawa zipo. Usipounga, lifunike na ubao mwingine bapa na uweke uzito juu (majuzuu ya zamani ya kamusi yanafaa, msahafu hauwekwi). Vipande visivyotumika virudi kwenye mfuko wa plastiki kila usiku pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ambavyo wengi wetu huvitupa. Kama umesafiri ukaliacha, likavimba, liweke chumba kikavu chini ya pangaboi siku mbili kabla ya kujaribu tena. Usilianike juani. Nyuma hukauka, mbele hupauka, na kipande hujikunja kama kaimati iliyokosewa. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, huhitaji mengi ya haya.

Basi mbao ni bora? Inategemea mbao gani, na hapa wauzaji hawakusaidii, kwani boksi linaandika "mbao" tu. Tazama kipande kwa ubavuni. Ukiona tabaka, moja jeusi kidogo moja jeupe, hiyo ni plaiwudi. Tabaka zake zimelazwa zikikatizana, hivyo tabaka moja ikitaka kutanuka ya pili inaizuia, na pazo linatulia hata Mei. Ukiona kahawia tupu isiyo na tabaka wala mshipa, kama unga uliokandamizwa, hiyo ni MDF. Muulize fundi yeyote wa makabati ya jikoni MDF hufanya nini chini ya sinki linalovuja. Huvimba pembeni, na ikishavimba hairudi. Unyevu wa hewa tu hauiumizi kiasi hicho, lakini kikombe kimoja cha chai ya maziwa kikimwagika, kwaheri. Kadibodi nayo ikimwagikiwa hali ni ileile. Plaiwudi ukiipangusa upesi inaweza kukusamehe.

Mbao ina raha ambazo kadibodi haina. Kipande kina uzito mkononi, kinatoa mlio mkavu kinapokaa. Mengi hukatwa kwa mwanga wa leza, hivyo hayana safu zilizonyooka. Ndani mna vipande vyenye maumbo, samaki, ndege, merikebu, na ukikipata kimoja unakionyesha nyumba nzima. Lakini leza huunguza kingo. Wiki ya kwanza pazo langu la mbao lilinukia kama jiko lililoungua na vidole vyangu vikawa na masizi. Vipande vingi pia havishiki imara; ukiinua ubao ukiwa umeinama kidogo, vinateleza vyote kwenda upande mmoja kama abiria wa matatu inayopiga breki.

Kwa nyumba yenye madirisha wazi, isiyo na kiyoyozi, na inayotaka kuunga pazo lilelile tena na tena, nachagua plaiwudi hata kama vipande ni vichache. Kwa anayetaka picha nyingi tofauti na anaunga mara moja kisha anampa jirani, kadibodi nzuri inatosha, mradi aianze Desemba. MDF ya bei ya juu sioni sababu yake.

Kuna njia nyingine ambayo haina boksi. Nilimpelekea fundi mmoja wa Majengo ramani ya kaunti, nimeichapisha kwenye duka la picha nikaigandisha juu ya plaiwudi kwa gundi nyeupe ya seremala, naye akaikata kwa msumeno wa uzi, ule wa kukatia nakshi. Kazi ya Spilsbury hasa, miaka zaidi ya 250 baadaye. Watoto wa kakangu walizijua kaunti zote 47 ndani ya mwezi. Kasoro ni moja: Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote, kipande chake hakifikii ukucha, na ndicho cha kwanza kilichopotea. Tulikikuta ndani ya kiatu.

Mpya au mtumba

Kongowea, katikati ya marundo ya nguo na midoli, hutokea maboksi ya mapazo yaliyokwisha kuungwa ng'ambo. Bei yake ni ya kucheka ukilinganisha na ya dukani. Ubora wake mara nyingi ni wa juu, kwa sababu yametengenezwa na kampuni kama Ravensburger ya Ujerumani, ambayo kadibodi yake ni nene na uso wake una mkwaruzo kama wa kitambaa, haupigi mng'ao.

Khofu ya kila mtu ni kipande kilichopotea. Ni khofu ya haki. Mie hupima kwa mizani ndogo ya jikoni: napima vipande 50, nazidisha kwa 20, kisha napima rundo lote. Mizani haitakwambia kwamba kimoja kimekosekana, lakini itakwambia kama boksi la elfu lina mia nane. Pia nusa. Boksi lenye harufu ya ukungu usiliingize ndani, kwani ukungu haufi kwa kupanguswa kwenye kadibodi, na tazama pembe za chini za boksi kama kuna vijitundu au mayai ya mende. Nyumba za mbao na boriti hazihitaji kuletewa mchwa kwa hiari.

Na kipande kikikosekana kweli? Mara ya mwisho kilikosekana katikati ya paa jekundu. Nikakata kadibodi ya unene uleule kutoka boksi la viatu, nikaiweka chini ya tundu, nikachora umbo kwa penseli iliyochongwa sana, nikakata kwa wembe, nikapaka rangi za watoto. Ukitazama kwa makini unakiona. Nakipenda kuliko vyote. Njia ya ajabu zaidi ni hii: kampuni hutumia visu vilevile kwa picha tofauti, hivyo mapazo mawili ya kampuni moja na ukubwa mmoja yanaweza kuwa yamekatwa sawasawa kabisa, na kipande cha mahali fulani kikaingia kwenye pazo jingine bila shida. Picha yake tu ndiyo itakayokuwa ya mwenzake. Nina anga la Uswisi lenye kipande kimoja cha pua ya paka.

Zawadi, nunua mpya. Yako mwenyewe, nenda Kongowea asubuhi.

Pa kulala: ubao, busati au mkeka

Huku sitakawia, maana jibu naliona wazi. Ubao.

Karatasi nzima ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, na ukiikata kwa 80 kwa 60 inatoa mbao 6. Wagawieni majirani, au umwombe seremala mabaki. Ubao wa 80 kwa 60 unabeba pazo la elfu na kubakiza nafasi ya vidole pembeni, unaingia uvunguni mwa kitanda, na mezani panabaki pa kulia. Gandisha kitambaa kizito juu yake ili vipande visiteleze.

Busati la kukunja, lile la kitambaa cha manyoya linalozungushwa kwenye bomba, linasifiwa sana. Katika hewa yetu linakaa na unyevu na vumbi, na kadibodi iliyokwisha kuvimba ukiizungusha inabaki imepinda. Linamfaa anayeishi chumba kimoja asiye na uvungu wowote. Mkeka wa ukindu haufai kabisa kwa vipande. Misuko yake inavirusha. Keti wewe juu ya mkeka, pazo likae ubaoni.

Kuchambua tumieni masinia. Sitaki kusikia habari za visanduku maalumu vya kuchambulia vinavyouzwa bei mbaya wakati kila nyumba ya Mvita ina masinia manne ya pilau yanayongoja harusi. Anga sinia moja, miti sinia moja, ukingo sinia moja, na la nne ni la vile ambavyo hujui ni nini. Usiku unayapandisha moja juu ya jingine. Ama pangaboi, watu huliogopa bure, kipande kizuri hakipeperuki. La kuogopa ni pazia. Kusi inapovuma, pazia refu linaweza kufagia sinia zima kwa mpigo mmoja, na nyumba yenye paka ina pazia jingine lenye miguu.

Picha, na simu

Picha yenye vitu vingi vidogo, soko, kabati la vitabu, mtaa wenye maduka na maandishi, ni rahisi kuliko inavyoonekana, kwani kila kipande kina alama. Bahari tupu na anga tupu ndiyo adhabu. Sisi wa pwani tunavutwa na bahari tukidhani tunaijua. Subiri uwe na vipande mia tatu vya buluu mkononi. Ukuta wa Fort Jesus nao ungekuwa mtihani: ngome ile imekaa tangu 1593 ilipoanza kujengwa, imepauka kijivu na manjano na waridi bila mpaka ulio wazi. Siku moja nitaichapisha nimpelekee fundi wangu, na sitamlaumu mtu.

Kama unakusudia kuigandisha na kuitia fremu, fikiri itatundikwa wapi. Kwa nyumba nyingi za kwetu picha ya mtu au mnyama haiwekwi chumba cha kuswalia, hivyo ramani, maua, jahazi au mlango wa nakshi vitakuondolea mjadala na bi mkubwa. Na ukigandisha, paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo, tabaka nyembamba, mwezi wa kiangazi. Gundi nyingi ni maji mengi, na maji umeshajua yanafanya nini.

Mapazo ya simu hayapotezi kipande, hayavimbi, yanabebeka kwenye foleni ya feri ya Likoni. Nimeyacheza. Hayana mlio, na hakuna ami atakayekuja kuuliza hali ya simu yako.

Wifi yangu wa Bamburi nilimweleza yote haya kwa simu, akiwa amesimama palepale mbele ya rafu, mpaka salio likamwishia. Alikuwa ananisikiliza vizuri, akiitikia "ehe, ehe". Kisha akanunua la kadibodi, la elfu, la bahari na anga, mwezi wa Aprili. Nilipokwenda kumtembelea lilikuwa limeshika meza yote ya kulia, wiki ya tatu hiyo, na katikati limeanza kuumuka. Familia inakula chini mkekani kwa sinia moja. Mumewe, kakangu huyo, akaninong'oneza nisiwaambie jinsi ya kulitengeneza, kwani tangu mgeni yule aingie watoto hawali tena wakitazama televisheni.